Aliyesimama Nyuma ya Raimundi

Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima ya Ukata, na Vitalia alikuwa amebakiza mtu mmoja tu. Tangu asubuhi alikuwa anawapiga wakulima wa kahawa picha za vitambulisho kwenye ofisi ya chama chao. Kamera aliiunga kwa waya kwenye laptop. Akibofya tu, picha inatokea hapo hapo kwenye kioo. Na huyo wa mwisho alikuwa nani? Mzee Raimundi! Yule ambaye shamba lake huvunwa likaisha bila kibarua hata mmoja kuonekana. Watu walinong'ona kwamba anafuga misukule, wafu wa kumfanyia kazi. Vitalia aliposikia, alisonya tu.

"Shikamoo, mzee. Kaa hapo, tazama huku."

"Marahaba. Fanya haraka, mwanangu."

Akabofya.

Kwenye laptop, nyuma ya Raimundi, alisimama mwanamke. Amegeukia ukuta, kikapu cha kahawa kichwani.

Vitalia akainua macho. Pale ukutani hapakuwa na mtu...

Akabofya tena. Mwanamke amegeuka kidogo. Harufu ya udongo mbichi ikajaa chumbani.

Mara ya tatu, uso ukaonekana.

Kunigunda.

Dada yake Kunigunda, waliyemzika kijijini Mkumbi miaka mitatu iliyopita! Kitenge alichovaa ni kile kile Vitalia alichomfunga siku ya maziko, kwa mikono yake mwenyewe. Hasira ikaushinda woga. Miaka yote hiyo analia, kumbe dada yake anachumishwa kahawa ya huyu mzee!

"Zima hiyo mashine," Raimundi alinong'ona.

"Sizimi."

"Binti, hujui unachezea nini."

"Huyo ni dada yangu. Haondoki na wewe, ng'o!"

Mzee akaruka, akauchomoa waya. Vitalia akamsukuma, akauchomeka tena, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka: "Kunigunda! Tua kikapu, dada! Twende nyumbani!"

Akabofya.

Kwenye picha, nyuma ya Raimundi hapakuwa na mtu. Kikapu nacho hakikuwepo.

Ila sakafuni, miguuni mwa Vitalia, kahawa mbivu ilikuwa imemwagika. Kahawa kweli, iliyochumwa sasa hivi, yenye umande. Raimundi aliiona, akatoka mbio bila kiatu kimoja.

Siku hizi, kila jioni, Vitalia hupakua sahani mbili nyumbani kwake Mbinga mjini, huelekeza kamera kwenye kiti kitupu na kubofya. Kunigunda yupo. Vidole vina udongo, chakula hagusi.

Na mara nyingine mlango hugongwa, taratibu.

"Nirudishie mtu wangu..."

"Ingia umchukue!" Vitalia hujibu, kamera mkononi. "Ingia nikupige picha, tuone nyuma yako wamebaki wangapi!"

Hajaingia hata siku moja. Lakini nyayo zake zikishapotea, Vitalia hubofya tena, na kwenye kioo humkuta Kunigunda amesimama, ameelekea mlangoni.

"Kaa chini, dada," humwambia, huku akitia komeo. "Huna shamba la mtu la kuchuma tena."