Barua Aliyonisomea Evalina

Kitu cha kwanza nilichokiona ni fundo.

Luhaga alikuwa amekaa juu ya magunia ya pamba, pembeni ya mzani, na mapajani alikuwa na kitambaa cha bluu chenye michembe ya viazi vitamu na karanga. Fundo la kitambaa hakulifungua lote, alichungulia tu kwa juu akawa anachomoa kipande kimoja kimoja. Lilikuwa na masikio mawili, moja limesimama na jingine limechomekwa ndani, na lote limelala upande wa kushoto.

Kwetu kila mtu hufunga mzigo wake wa pamba kwa namna yake, usije ukachanganyika na wa jirani kwenye foleni. La baba nalijua, la shangazi nalijua. Lile la kushoto ni la mtu mmoja tu kijiji kizima cha Zagayu, mdogo wangu Evalina, anayetumia mkono wa kushoto.

“Mbona unaitazama michembe kama hujawahi kuiona?” Luhaga aliniuliza. “Karibu.”

“Nimeshiba sana.”

“Nyanjige na maneno yako mawili! Siku ukisema matatu nitachinja jogoo.”

Foleni nzima ikacheka. Nami nikacheka, kwa sababu nilikuwa nampenda.

Ulikuwa msimu wa mwaka 1999. Makampuni ya watu binafsi yalikuwa yameingia hadi vijijini, kila moja na mzani wake na karani wake, na sisi tuliyaita kwa rangi za miamvuli yao. Luhaga alikuwa karani wa mwamvuli wa kijani. Alitia mkono ndani ya mzigo wangu kutafuta pamba fifi, ile chafu ya daraja la pili, akautoa mkono mtupu.

“Yako haina haja ya kupekuliwa,” alisema kwa sauti ya chini. “Una moyo mzuri, Nyanjige. Jumapili tutaonana kwenu.”

Nilirudi nyumbani na Jumapili hiyo kichwani kama mtu aliyebeba maji asiyotaka yamwagike.

Nyumbani nilimkuta Evalina anabangua karanga.

“Leo ulipita mzanini?” nilimuuliza.

“Mzani gani? Nimeshinda kwaya.”

Sikuuliza tena. Mimi ndivyo nilivyo. Maneno huwa yananifika kooni, yanakaa, yanalala hapo.

Niseme na hili, ili mnielewe. Mama alipofariki nilikuwa darasa la nne, Evalina la pili. Tulipotoka kuzika, baba alituita wote wawili akasema, “Mmoja abaki nyumbani. Nani atabaki?” Evalina alikuwa amekumbatia daftari lake, analia. Nikasema, “Mimi.” Yeye akasoma hadi kidato cha nne kule Maswa. Mimi nikabaki na jembe, mitungi na jiko.

Kwa hiyo Luhaga alipoanza kuniandikia barua, ilibidi Evalina anisomee. Kitabu cha sala naweza kukifuata kwa kidole, lakini mwandiko wa Luhaga ulikuwa umeshikana na kuinama, unakimbia kama siafu. Evalina alisoma, mimi nikisonga ugali ili asinione uso. Na majibu aliandika yeye, akayapeleka yeye.

“Dada, nimjibuje?”

“Mwambie nimeipata.”

“Basi? Mtu kaandika kurasa mbili, wewe umeipata tu, kama barua ya bwana shamba?”

“Mwambie nami nipo.”

“Niachie mimi,” alisema akilamba ncha ya kalamu. “Nitaipamba.”

Miezi minane alipamba. Barua ya mwisho ilikuja wiki moja kabla ya ile Jumapili. Alinisomea hivi: “Mpenzi Nyanjige, Jumapili baada ya misa wazee wangu watakuja kukuposa. Usimwambie mtu yeyote, hata baba yako. Wataeleza wenyewe.”

“Rudia,” nilimwambia.

Akarudia. Macho yake hayakuwa kwenye karatasi. Nililiona na hilo, nikalimeza.

Jumapili walikuja kwa baiskeli. Alikuwepo Katekista Januarius, ambaye ndiye mshenga, na mzee Ngeleja, mjomba wake Luhaga, mtu mnene mwenye kucheka hata pasipo na kichekesho. Luhaga alikuja nyuma yao, shati limechomekewa. Nilikuwa nimechinja jogoo na kupika wali. Nikatoka na birika na beseni kuwanawisha mikono.

“Mwadila, mayu,” Ngeleja alinisalimu kwa lugha ya kwetu.

“Mwadila.”

“Leo huyu mtoto amejipaka mafuta hadi visigino,” shangazi Milembe alisema pale mlangoni. “Kuna nini?”

Nilipiga magoti mbele ya Ngeleja, nikaanza kummiminia maji. Katekista akakohoa.

“Mzee Bundala, tumepotelewa na mtamba. Tumefuata nyayo, zimetufikisha bomani kwako.”

“Mitamba yangu ni miwili,” baba alisema. “Mnafuata nyayo za yupi?”

“Mdogo. Evalina.”

Maji yaliendelea kumiminika. Beseni likajaa, yakaanza kumwagikia miguu ya Ngeleja.

“Basi, mwanangu, imetakata!” alisema akiinua viatu. “Unataka kunibatiza?”

Wakacheka. Baba hakucheka.

“Na mkubwa je? Kwangu mimi ng’ombe wa mdogo hawampiti mkubwa, mpaka mkubwa atamke mwenyewe kwa mdomo wake.”

“Hilo tumeshalimaliza, baba,” Luhaga alisema. Alinigeukia anatabasamu, tabasamu lilelile la mzanini. “Shemeji mwenyewe aliniandikia. Wabeja, asante sana, shemeji. Barua yako ilinipa nguvu.”

Shemeji.

Niliweka birika chini nikaingia jikoni. Evalina alikuwa amesimama nyuma ya mlango, amevaa gauni lake la kwaya. Alinishika mkono.

“Dada, rudi ukaseme ndiyo. Chakula kinapoa.”

“Barua ile ilisemaje?”

Nilikuwa nimefikisha maneno matatu, na jogoo alikuwa ameshachinjwa.

“Wageni wanasubiri,” alisema.

“Ilisemaje, Evalina?”

“Utaisoma mwenyewe?”

Hakusema kwa hasira. Alisema taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi.

“Umenidanganya,” nilisema.

“Ningekwambia ungefanyaje? Ungelia, baba angejua, angewafukuza. Nilijua mbele ya wageni hutafungua mdomo. Hujawahi. Kasimame tu pale, ukinyamaza watajua umekubali.”

Alikuwa amepiga hesabu zake vizuri. Aliujua ukimya wangu kama ninavyolijua fundo lake.

Nilitoa mkono wangu kwenye mkono wake. Chini ya kitanda nilikuwa na kopo la maziwa ya unga, ndimo barua zangu zote zilimokaa. Nikachukua ile ya juu, nikatoka nayo, nikapiga magoti mbele ya katekista.

“Nisomee,” nilimwambia. “Kwa sauti.”

“Ni barua yako, mwanangu. Mbele za watu?”

“Nisomee, baba.”

Katekista Januarius akavaa miwani. Alisoma kama anavyosoma somo kanisani, neno kwa neno.

“Nyanjige, nakuandikia kwa aibu. Nilikuja kwako kwa nia njema. Lakini tangu Evalina aanze kuniletea barua zako, tunakaa tunaongea, na moyo wangu umehama. Sitaki uje kusikia kwa wazee. Ukikataa, nitaacha. Ukikubali, Jumapili watakuja kumposa yeye. Nijibu kwa mkono wako.”

Kuku walikuwa wanadonoa maji niliyoyamwaga.

“Na wewe ulimjibu nini?” baba aliniuliza.

“Sikujibu.”

“Ulijibu!” Luhaga aliruka, akatoa karatasi mfukoni mwa shati. “Hii hapa! Nimekubali kwa moyo mweupe, mdogo wangu ni damu yangu, furaha yake ni yangu...”

“Acha upuuzi wewe!” shangazi alimkatiza. “Huyu ameishia darasa la nne. Hiyo ameiandika na nini, mwiko?”

Luhaga aliitazama karatasi. Kisha akatazama mlango wa jikoni, ambako Evalina alikuwa ameshatokeza.

“Umeiandika wewe?”

“Ndiyo.”

“Na zile za mwanzo? Zile za kabla hatujazoeana?”

“Zote,” Evalina alisema. “Maneno yote yalikuwa yangu.”

Nikangoja Luhaga akasirike. Nilidhani sasa atamwona alivyo, atanigeukia, atasema tumedanganywa wote wawili. Badala yake uso wake ulifunguka taratibu, kama mtu aliyetua mzigo.

“Kumbe,” alisema. “Kumbe ni yeye niliyempenda tangu mwanzo.”

Kisha akanitazama kwa huruma. Laiti angenitukana.

“Nisamehe, Nyanjige. Wewe ni mtu mzuri mno. Lakini kampuni inanihamishia Bariadi mjini, kule kuna wageni, kuna maofisa. Nyumba haiwezi kujengwa na mtu wa maneno mawili.”

Baba akasimama na fimbo yake.

“Kamateni baiskeli zenu.”

“Baba!” Evalina alianguka miguuni pake. “Baba, nisamehe! Nipige, lakini usiwafukuze!”

“Usiniombe mimi. Sheria yangu mnaijua. Mwombe huyo.” Akaninyooshea fimbo. “Nyanjige, wapite au wasipite?”

Wote wakanigeukia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza maishani watu wazima kunyamaza wakisubiri neno langu. “Hapana” ilikuwa mdomoni, nimeshaionja. Neno moja tu, na baiskeli zile zingeondoka na mdogo wangu angebaki na gauni lake la kwaya.

Nikamtazama Evalina. Alikuwa ameacha kulia. Ananingoja kama alivyokuwa akiningoja utotoni nikate kiazi, huku akijua kipande kikubwa ni cha nani.

Nikamtazama na Luhaga. Nikaona kwamba hata nikisema hapana, hatakuwa wangu. Ataondoka hana yeyote, nami nitabaki kupikia nyumba ya watu wanaonichukia.

“Wapite,” nikasema.

“Hapo sasa!” Ngeleja akapiga makofi. “Mayu, leta chakula, tumbo halina msiba.”

Nikaleta. Wakala. Evalina naye akala. Ngeleja akajilamba vidole akaniambia, “Wali wako mtamu kweli. Atakayekuoa atanenepa.”

Ng’ombe walifika mwezi uliofuata. Wakalala katika zizi ninalolifagia mimi, nami ndiye niliyewakamua. Siku ya harusi nilikuwa jikoni tangu alfajiri, moshi ukanisaidia, maana kwenye moshi hakuna anayeuliza macho yako yana nini. Watu walipita wakisema, “Dada mtu amejitoa kweli,” na wengine, wakidhani sisikii, “Huyu ndiyo basi tena.”

Baada ya hapo hakikutokea kitu. Huo ndio ukatili wake. Palizi ilifika nikapalilia. Pamba ikafunguka nikaichuma, nikatenga safi huku na fifi kule, nikapeleka kwenye mwamvuli mwekundu, ambako karani alikuwa mzee asiyetania mtu. Kuna siku nilisahau kuwa na huzuni hadi mchana, kisha nikaikumbuka kama mtu aliyeacha chungu motoni.

Shangazi ndiye aliyenikokota kwa Mwalimu Mektilda, aliyefundisha watu wazima kila Alhamisi mchana pale kanisani. Nilikaa benchi moja na bibi wawili wasio na meno. Mwandiko wa kushikana ulinichukua miezi saba. Nilipoujua, nilitoa kopo chini ya kitanda, nikaanza na barua ya kwanza kabisa, kidole kikipita chini ya mistari.

Katika mstari wa tano Luhaga alikuwa ameandika, “Wanawake wote hapa mzanini wanapiga kelele. Mimi napenda ukimya wako.”

Mstari huo Evalina hakuwahi kunisomea.

Niliikunja barua. Siku hiyo sikula.

Evalina alikuja kututembelea mwaka uliofuata, ana mtoto mgongoni na zawadi kwenye kitambaa, kitenge na sukari. Alikuwa amekonda kidogo. Alikaa kwenye kigoda changu cha jikoni bila kukaribishwa, kama zamani, akampakata mtoto.

“Dada, mwaka mzima hujanisema,” alianza. “Hujanitukana hata mara moja. Watu wananiambia una moyo wa dhahabu, mimi nikisikia hivyo silali. Nitukane basi, nipumue.”

Nilikuwa nafungua fundo la zawadi yake, lile la masikio mawili, lililolala kushoto.

“Nimejifunza kusoma,” nilimwambia.

Mkono wake ukaacha kumbembeleza mtoto.

“Zote umezisoma?”

“Zote.”

“Na ule mstari wa...”

“Na huo.”

Akainamisha kichwa. Machozi yakamdondokea mtoto shingoni.

“Niliona wivu, dada. Mimi nilikuwa na shule, wewe ulikuwa na mtu anayekupenda bila hata kusema kitu. Nisamehe. Wewe ndiye uliyenilea. Siku ile tulipomzika mama, baba alipouliza nani abaki, ulisema ‘Mimi’ kabla sijafumbua mdomo. Kila nikisali naikumbuka siku ile. Namwambia Mungu, hakuna aliyewahi kunipenda vile.”

Fundo lilikuwa limefunguka. Nikaiweka sukari pembeni, nikakunjua kitenge, nikakikunja tena. Alikuwa ananitazama, anangoja kipande kikubwa.

“Evalina,” nilisema. “Siku ile nilitaka ubaki wewe.”