Theluji Nyeusi Mlangoni kwa Verlyn

"Ardis, mbona theluji ya mlangoni kwenu nyeusi?"

Borghild, jirani wa ng'ambo ya barabara, aliuliza hivyo asubuhi moja ya Januari, kasimama jikoni na mkate mkononi. Ardis alikuwa akimimina kahawa. Mama mkwe wake, Bi Gunda, alikaa dirishani akifuma soksi, na Verlyn, mume wa Ardis, alikuwa zizini. Nyumba ilikuwa na joto. Nje, uwanda wa Dakota, huko Marekani, ulikuwa mweupe hadi macho yanapokoma, isipokuwa pale mlangoni pa banda la gari.

"Ni gari tu," Ardis akasema. "Nikuongeze sukari?"

Borghild hakuuliza tena. Kule watu hawachimbi mambo ya nyumba ya mwenzao. Ndugu zangu, laiti angechimba.

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, na choki yake ilianza kukwama tangu majani yalipopukutika. Choki ni kile kibati kinachoziba koo la kabureta wakati wa baridi, ili injini ipate petroli nyingi na hewa kidogo hadi ichangamke. Ikishapata moto, kibati lazima kifunguke. Cha Verlyn kilikuwa hakifunguki sawasawa. Lyle, muuza spea wa mjini, alimshauri Verlyn mbele ya Ardis.

"Kwanza kisafishe, kimeshikwa na masizi. Kikikwama bado, springi yake imechoka. Basi chukua choki ya umeme, inajifungua yenyewe baada ya dakika chache."

"Nipe ya kuvuta kwa waya."

"Ya waya inataka mtu asiyesahau, bwana."

"Nimeendesha trekta wewe hujajua kuvaa suruali. Gari halitafikiri badala yangu."

Akaifunga mwenyewe, na waya ukalegea. Kila akivuta kitufe cha choki mbele ya usukani, kilirudi ndani na injini ikazimika. Badala ya kukaza skrubu, akachukua kibanio cha nguo kwenye kikapu cha Ardis, akakibana kitufe kisirudi. Tangu hapo, kila siku ya safari aliwasha gari ndani ya banda, mlango umeshushwa kuzuia upepo, kisha akarudi mezani kunywa kikombe cha pili. Gari likabaki huko likikohoa, moshi ukipenya chini ya mlango. Na ukuta wa banda ndio uliokuwa ukuta wa chumba cha Bi Gunda.

Mama wa watu akaanza kuumwa kichwa. Akawa anatapika asubuhi, anasahau sindano zake alikoziweka.

"Unaonaje leo, mama?" Ardis akamuuliza.

"Si vibaya sana, mwanangu. Ni uzee."

Kwao, aliye taabani ndiye husema si vibaya sana.

Ardis hakuwa mjinga. Aliona kwamba siku gari lisipowashwa, Bi Gunda hula vizuri na kuimba tenzi za kwao Norwe. Akamwambia mumewe.

"Verlyn, nadhani ni ule moshi."

"Siku hizi umekuwa fundi?"

"Choki haishikiliwi na kibanio cha nguo."

"Kwani vimekuishia? Mbona kikapu kimejaa."

Ardis akakitoa kile kibanio, akakificha mfukoni mwa koti lake. Siku ya pili akakuta kingine mahali pake. Akanyamaza, kwa kuwa alilelewa kuamini kwamba mke mwema hamwambii mumewe jambo moja mara mbili.

Jumapili moja ya Februari ilikuwa zamu ya Ardis kupika kahawa kanisani, na Borghild akampitia mapema. Verlyn akawasha gari, akabana kitufe, akashusha mlango. Kutoka zizini akasikia ng'ombe akilia kwa uchungu wa kuzaa. Ndama alikuwa amekaa vibaya tumboni. Verlyn alihangaika naye kwa zaidi ya saa nzima, na kitu ambacho hakukikumbuka hata mara moja ni lile gari.

Ibada ikaanza, nafasi za Verlyn na Bi Gunda pembeni ya Ardis zikiwa tupu. Wimbo wa pili haujaisha, akamgusa Borghild mkono, wakatoka.

Bi Gunda walimkuta chumbani mwake kwenye kiti, kavaa kofia ya kanisani, kitabu cha tenzi mapajani. Mashavu yake yalikuwa mekundu kama ya msichana. Ardis alidhani amelala, mpaka alipomshika mkono akaukuta wa baridi. Nyuma ya ukuta injini ilikuwa ingali inakohoa.

Daktari aliwaambia mume na mke waziwazi kwamba sumu ya moshi wa gari ndiyo iliyomuua, na ndiyo iliyomtia mashavu wekundu. Verlyn akawaambia watu ni moyo.

FUNZO

Wapendwa, gari bovu halikumuua Bi Gunda. Aliuawa na mwana asiyekubali kuambiwa na nyumba iliyoona haya kusema. Wewe mwenye gari kuukuu, chagua choki inayokufaa na uitunze. Usiiwashe injini banda likiwa limefungwa, hata kwa dakika moja. Na wewe uliyeona moshi, sema mara ya pili na ya tatu. Kumwogopa Mungu si kunyamaza mbele ya mauti.

Ardis alisema, lakini alikuwa amechelewa. Baada ya mazishi watu walikaa kanisani wakinywa kahawa, Verlyn akiwa mwisho wa meza.

"Ni moyo na uzee," alikuwa akiwaambia. "Siku yake ilifika."

Ardis akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akakiweka kile kibanio cha nguo kando ya kikombe cha mumewe.

"Borghild," akasema, "uliniuliza kwa nini theluji yetu ni nyeusi. Ilikuwa choki, na moshi wake ndio uliomuua mama. Nilijua nikanyamaza, naye aliambiwa akakataa."

Hakuna aliyeinua kikombe. Verlyn alikitazama kibanio. Kisha akasimama, akaacha kofia yake mezani, akatoka kwenye baridi.