Ukanda wa Ndani

Habari hii nilisimuliwa na wifi yangu, mdogo wake mume wangu, aliyekuwa akijifunza ushonaji kwa Bibi Bitana. Jina hilo, la kitambaa kinachoshonewa ndani ya nguo, fundi alipewa na wateja, kwa sababu nguo zake ukizigeuza hujui ndani ni wapi na nje ni wapi. Kila mshono wa ndani aliufunga kwa ukanda mwembamba aliokata kwenye mabaki ya vitambaa.

Wifi anasema mambo yalianza na mkasi. Mteja mgeni, mwanamke, alileta kitambaa kizito cha rangi ya ini. Bibi Bitana alipokikata, mkasi haukutoa sauti. Alisimama. Akakata tena. Kimya.

"Mkasi leo umenuna," alisema, akacheka peke yake.

Mteja alikuwa ameonya kabla ya kuondoka: "Fundi, vipande vyote nirudishie. Hata cha kufunika ukucha."

Alipokwisha kwenda, Bibi Bitana alibinua mdomo. "Mabaki ni ya fundi, mwanangu," alimwambia wifi. "Anayetaka vipande ashone mwenyewe."

Akaficha kimoja. Nguo ilipochukuliwa, alikitoa kile kipande, akakata ukanda, akafunga nao mishono ya ndani ya gauni la binti yake wa pekee. Mtoto huyo wa miaka sita walimwita Kasuku, maana mdomo wake haukuwa na nukta.

"Mama, mbona linanuka?" Kasuku aliuliza alipolivaa. Kweli lilinuka, kama nywele zilizoguswa na pasi.

"Linanuka upya. Nenda kacheze huko."

Kasuku akakimbia, na wifi akainua kichwa. Nyayo hazikusikika. Mtoto akapiga makofi, viganja vikakutana, hakuna kitu. Akadhani ni mchezo, akaruka, akaangusha kopo la vifungo, navyo vikatawanyika sakafu nzima kana kwamba vimeangukia pamba. Kisha akafungua mdomo kumwita mama yake, na midomo ikaenda, na mishipa ya shingo ikasimama, na machozi yakamtoka kwa sababu hata yeye mwenyewe alikuwa hajisikii, na Bibi Bitana akamvua gauni kwa nguvu, akaketi chini akaufumua ule ukanda kwa wembe mpaka vidole vikatoka damu, huku ile harufu ya nywele zinazoungua ikijaa chumba, na alipomaliza kuung'oa wote, mtoto alikuwa bado analia na chumba bado kimya.

Mganga aliitwa. Akasoma, akafukiza. Nyayo zikarudi, makofi yakarudi.

"Kitambaa hiki ni cha jini," alisema kwa sauti ya chini. "Sauti ya mtoto siioni humu. Anayo mwenye kitambaa."

Kesho yake mchana mwenye kitambaa akaja, amevaa nguo yake mpya. Bibi Bitana alipiga magoti, ukanda mkononi.

"Dada yangu, nilikosa. Kipande chako hiki hapa. Nirudishie sauti ya mwanangu."

Mwanamke akaupokea ukanda, akaukunja kiganjani.

"Si mabaki ni ya fundi?" aliuliza kwa upole. Maneno yale, siku yaliposemwa, hakuyasikia mtu ila wifi. Mwanamke akamwonyesha Kasuku kwa kidevu. "Basi, yako yale pale."

Akatoka. Wifi alimwona akipita dirishani, na kutoka ndani ya nguo ile, kwenye pindo linapogusa kisigino, alisikia sauti ya Kasuku ikiuliza jambo, ikiuliza tena, ikiuliza tena, mpaka mwanamke akapinda kona.

"Hata mimi nilishindwa kumkimbilia, wifi," aliniambia.

Usiku sikulala vizuri. Asubuhi yake nilimbeba mwanangu mchanga, nikachukua kitambaa nilichokuwa nimekiweka, nikaenda kwa Bibi Bitana, maana wateja wote wamemkimbia. Kasuku ndiye aliyetufungulia mlango. Akatusalimia kwa mkono.

Tulipokuwa tunapima, mwanangu akaanza kulia kwa njaa. Nikafungua kifungo nimnyonyeshe. Bibi Bitana akanishika mkono.

"Mwache kidogo," alisema. "Mwache nisikie."

Nikamwacha alie.