Silinda ya Mgwashi

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mtu akiuza alichonacho na asichonacho. Faudhia aliuza mitumba gulioni Bumbuli, viatu hasa. Jioni moja ya Julai alipanda Mgwashi kumsalimia shangazi yake. Ndivyo alivyomuaga mdogo wake, Faraji. Kikapuni, chini ya sukari ya shangazi, alikuwa ameficha bastola isiyo na silinda.

Bastola hiyo babu wa baba yao aliachiwa na setla aliyempikia. Elisante, mnunuzi wa vitu vya kale kutoka Tanga, alipoishika mara ya kwanza aliisogeza kwenye mwanga aisome mihuri.

"Imetengenezwa Ubelgiji kwa ajili ya Waingereza, mama, ikapigwa mihuri London," alisema. "Tajiri wangu anazikusanya hizi, na ni adimu mno. Ila bila silinda, hili duara linalokaa risasi, ni chuma chakavu. Nipatie nzima."

Nzima ingefungua duka, na duka lingekuwa la Faraji. Kijana alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani, akawa anashinda kibarazani akichonga vijiti visivyo na kazi. Faudhia ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Hakuna alichokipenda duniani kama huyo mdogo wake, na tulijue hilo kabla hatujaanza kumlaumu.

Shangazi Mwanaisha alijua kilichomleta kabla sukari haijatua mkekani.

"Silinda haitoki humu ndani," alinong'ona. "Unajua babu yangu alifanya nini?"

"Alimpiga ndugu yake risasi, shangazi. Kulikuwa na ukungu, akadhani nguruwe."

"Ndugu yake wa tumbo moja. Na jioni ileile huyo ndugu akarudi nyumbani. Akaketi. Akacheka na watu." Shangazi alitazama mlango. "Kesho yake maiti yake ikaokotwa njiani. Na yeye yuko nyumbani, anaota moto..."

"Shangazi!"

"Wazee wakaigawa bastola. Mwili kwenu, silinda huku. Ilipotenganishwa tu, yule wa nyumbani hakuonekana tena. Nyie ni wawili, mwanangu. Iacheni ilivyo."

Sikio la kufa halisikii dawa. Magharibi ilipoingia, shangazi akatoka kutawadha. Faudhia akapanda kigoda, akapapasa uchagani juu ya meko, akatoa kibuyu cheusi kwa masizi. Ndani yake kulikuwa na kitu kizito kilichofungwa kitambaa. Hata kuaga hakuaga.

Njiani ukungu ulikuwa umeshaanza kupanda kutoka bondeni. Alikusudia kuviacha vyuma vile mbalimbali mpaka afike. Lakini muuza viatu vya mitumba ana ugonjwa wake: akiona cha kushoto, mkono unatafuta cha kulia. Na je, kama silinda si yenyewe? Atamwambia nini Elisante?

Akasimama. Akaitoa bastola, akaipachika silinda.

Tk.

Ilikaa barabara. Aliizungusha, akachungulia matundu yote. Hayakuwa na risasi.

Ndipo akasikia harufu ya baruti. Kisha hatua... za mtu asiyeharakisha.

Ukungu ulikuwa umemfunika kabisa, hata miguu yake hakuiona. Mbele yake kitu kilisimama, kirefu, cheusi, na mwanga hafifu ukiyumba ubavuni mwake.

"Nani?"

Faudhia hakumbuki kuinua mkono. Anakumbuka kidole chake kikikaza, na moyo wake ukimlilia aache.

Tk.

Mwanga ulizimika. Hakukuwa na mlio wala ukelele.

"Dada." Sauti ilitokea nyuma yake. "Ni mimi. Mbona umechelewa?"

Alikuwa Faraji. Faudhia alimkumbatia akilia kwa furaha, akaapa moyoni kwamba hataigusa tena bastola ile. Mwili wa kijana ulikuwa baridi, lakini nani hana baridi Julai? Walishuka pamoja gizani. Faraji alitembea bila kujikwaa hata mara moja, na hakuuliza kilichomo kikapuni.

Asubuhi Elisante alifika na gari. Kulikuwa na baridi kali, na kila alipozungumza mvuke ulimtoka mdomoni. Alilinganisha namba ya silinda na ya mwilini, akacheka peke yake.

"Ndugu wa tumbo moja hawa!" Kisha akainusa. "Mmeijaribu? Inanuka baruti."

"Haina risasi," Faudhia alijibu.

Elisante akainua mabega, akalipa, akaondoka. Gari lilikuwa bado linasikika konani wakati Hadija, jirani yao, alipoingia uani akijifuta mikono.

"Faudhia, naomba taa yangu. Faraji aliiazima jana jioni akupokee njiani, mpaka sasa hajairudisha."

Faudhia aligeuka. Faraji alikuwa ameketi karibu na moto, mikono magotini.

"Taa ya Hadija iko wapi?"

"Taa ipi?" Faraji akatabasamu. "Mimi sikuwa na taa, dada. Tulikuja gizani. Umesahau?"

Mvuke ulimtoka Hadija. Ulimtoka mbuzi aliyefungwa mlangoni. Faudhia alihema, na wake akauona ukipanda mbele ya macho yake. Mdomoni mwa Faraji, aliyekuwa bado anazungumza, hakukutoka kitu.

Alikimbilia ukingoni mwa barabara, akaita, akapunga kanga. Huko chini gari lilikuwa limeshavuka daraja kuelekea Tanga, na bastola imo ndani, nzima. Ng'ambo ya pili, njia ya Mgwashi ilikuwa imelala ndani ya ukungu, na mahali fulani njiani humo kulikuwa na taa iliyozimika.

"Mdogo wangu," alisema kwa sauti ndogo. Hakujua anamwambia nani.

Akajifunga kanga kiunoni, akashika njia ya kupanda. Hajapiga hatua mbili, akasikia kigoda kikisogezwa uani.

"Unakwenda Mgwashi, dada?" Faraji aliuliza kwa upole uleule wa siku zote. "Ngoja nivae viatu. Nitakusindikiza."