Vumbi Lenye Harufu ya Mtu

Vumbi la Mahajanga ni jekundu na kavu, na Nadjati alikuwa amelifuta ndani ya kamera za watu miaka mingi, hata angeweza kulitambua gizani kwa kulisugua baina ya vidole viwili. Hili lilikuwa jingine. Lilikuwa la kijivu, limeshikana, na lilipoguswa na brashi halikuruka, lililala kwenye nywele za brashi likang'ang'ania. Alipolisugua, likateleza. Vidole vikabaki na mafuta, kama vya mtu aliyekuna kichwa kisichooshwa mwezi mzima. Akavinusa, na papo hapo akajuta.

Ulikuwa mwaka 2007. Nadjati alikuwa mjane, fundi wa kamera katika mtaa wa Ampisikina, mjini Mahajanga, Madagaska, na meza yake ya kazi ilikaa chini ya dirisha la sebule. Ufundi aliurithi kwa baba yake, aliyeanza kutengeneza kamera za filamu mwishoni mwa miaka ya sabini. Zilipoingia hizi ndogo za dijitali, Nadjati alijifunza mwenyewe kwa kuzivunja na kuziunga. Na wateja alisema Kimalagasi. Nyumbani, na bintiye Charifa, walitumia Kingazija cha wazee wao kilichochanganyika na Kimalagasi hicho hicho.

Kamera hii ilikuwa ya Fazul, mpiga picha za harusi wa Hell-Ville, kule kisiwani Nosy Be. Aliituma kwa mkono wa msafiri, na kikaratasi: "Lenzi imeingia vumbi. Kila picha ina doa upande wa kushoto. Lisafishe tu, dada."

Kazi ya kawaida. Kamera ndogo lenzi yake hutoka na kurudi, na kila ikitoka huvuta hewa ndani, kama pafu. Hewa ikiingia, vumbi huingia nayo. Nadjati alifungua skrubu, akapuliza kwa kipulizio cha mpira, akafuta kila kioo kwa pamba na spiriti, akafunga. Akaupiga picha ukuta mweupe. Safi. Akageuka akampiga Charifa, binti wa miaka kumi na mitano, aliyekuwa ameketi mlangoni akichambua mchele.

Kwenye skrini doa lilikuwepo, chini ya taya la msichana, upande wa kushoto. Mviringo, kadiri ya punje ya dengu, na ubavuni lilikuwa limetokwa na unywele mmoja.

"Limerudi," Nadjati akasema, akaiweka kamera pembeni kwenda kupika.

Asubuhi Charifa alimjia akiwa amejifunika kanga hadi masikioni. "Mama, ninanuka?"

Nadjati akaifunua kanga. Chini ya taya, pale pale, ngozi ilikuwa imegeuka kijivu na kubambuka vipande vipande, kama ukoko wa uji kwenye sufuria. Harufu yake ilikuwa ya kwapa na ya ngozi ya mbuzi iliyosahauliwa mvuani. Shukani palikuwa na magamba ya kujaza kijiko.

Daktari alisema ni mba, akatoa marhamu. Siku ya pili mba ulikuwa umefika kwenye mtulinga. Nadjati alirudi mezani akaifungua kamera, na kilichomtoka kinywani kilikuwa mlio wa mtu aliyekanyaga chura. Mrija wote wa lenzi, alioufuta mpaka ukang'aa, ulikuwa umejaa. Na sasa, chini ya kioo chake cha kukuzia, aliona lile vumbi lilikuwa nini. Vilikuwa vipande vya ngozi. Kimoja kilikuwa na vinyweleo. Kingine kilikuwa na michirizi ile myembamba ya ncha ya kidole cha mtu.

Alisafisha tena, kwa sababu fundi hajui jambo jingine la kufanya. Kisha, apate hakika, akaupiga picha mkono wake mwenyewe. Doa lilitua juu ya kidole gumba. Kufika adhuhuri kidole kilikuwa kinawasha, na alipokikuna, ukucha ukainuka wote kama kifuniko, na chini yake hapakuwa na damu, palikuwa na unga wa kijivu.

Akaitafuta ile picha ya Charifa. Doa la dengu lilikuwa limepanuka ndani ya picha, limeshuka shingoni hadi begani. Kidole chake kikaenda kwenye kitufe cha kufutia, kikasita. Nikiifuta picha, nitakuwa nimemfuta nani?

Aliitoa betri, akaiweka kando. Kamera ikakaa juu ya meza, jua la mchana limeimulika. Baada ya kitambo akasikia zzz. Lenzi ikatoka taratibu, ikasimama, ikarudi. Zzz. Ikatoka tena. Nadjati akajikuta anapumua nayo sawasawa, na alipotambua hivyo akaufunika mdomo wake kwa mikono miwili.

Alimpigia simu Fazul.

"Fazul, ndani ya hiki chombo chako mna nini?"

Sauti ya Fazul ikawa ndogo: "Mama Charifa, umempiga mtu picha?"

"Nimempiga mwanangu."

Alimsikia mwanamume yule akilia. "Njoo naye," akasema. "Wallahi sikujua. Mimi nilidhani ni dada yangu tu. Njoo naye upesi, na kamera usiiache."

Walisafiri siku mbili, kwa gari la abiria hadi bandari ya Ankify, kisha kwa boti hadi Nosy Be. Nadjati aliifunga kamera kwa mifuko mitatu ya plastiki, akaizika ndani ya boksi la mkaa, na bado abiria walifungua madirisha na kutazamana. Charifa alikaa amejifunika. Kila alipoinuka, kiti kilikuwa na unga.

Fazul aliwapokea Hell-Ville bila kumtazama Nadjati machoni. Aliwapeleka moja kwa moja kwa Bi Chamsia, mganga wa Kitabu, mwanamke mzee mwembamba ambaye mtaa mzima ulimwita koko, kama bibi wa kuzaa. Alikuwa akiwatoa watu majini kwa dua, ubani na chumvi ya bahari, tangu Fazul hajazaliwa.

Bi Chamsia alimfunua Charifa shingo, akainusa, akamgeukia Fazul. "Kumbe alikwenda kwako."

Fazul akapiga magoti, akasimulia yote. Miezi minne nyuma dada yake Rabiata alishikwa na jini. Ngozi ilimtoka mgongoni kwa mapande. Bi Chamsia alimsomea siku saba, na siku ya saba jini alipokubali kutoka, Fazul alijibanza nyuma ya pazia na kamera yake. Alitaka kumwona akitoka. Alitaka picha ambayo hakuna mtu mwingine duniani angekuwa nayo. Akabonyeza kuvuta karibu, lenzi ikatoka, ikavuta hewa.

"Nilimwambia toka, akatoka," Bi Chamsia akasema. "Nilikuwa nimemwekea beseni la chumvi. Hakuingia. Miezi minne ninajiuliza kaenda wapi. Wewe ulimwachia mlango wazi, kisha ukaitia kamera kwenye bahasha ukawapelekea watoto wa wenzio!"

"Nilitaka isafishwe tu, koko. Maharusi walikuwa wameanza kulalamika..."

"Maharusi wangapi?"

Fazul akaanza kuhesabu kwa vidole.

Bi Chamsia aliwasha ubani, akaweka beseni la chumvi, akasoma. Alisoma mpaka sauti ikakwama. Kamera ilikuwa mkekani, betri haimo, lenzi inatoka na kurudi, inatoka na kurudi, lakini hakikutoka kitu. Kikongwe akajifuta jasho.

"Hasukumiki," akasema. "Aliingia kwa kuvutwa na pumzi. Atatoka kwa kuvutwa na pumzi. Mtu atie mdomo hapo."

Wajibu ulikuwa wa Fazul, naye alijua. Aliishika kamera, akauleta mdomo kwenye lenzi, na kabla midomo haijagusa, akatapika juu ya magoti yake. Alijaribu tena. Akatapika tena. "Siwezi," akanong'ona. "Mama Charifa, nisamehe, siwezi."

Nadjati alimtazama bintiye. Ncha ya sikio la Charifa ilikuwa inaning'inia kwa uzi wa ngozi, na mtoto mwenyewe hajui.

"Nipe mimi."

"Usimeze," Bi Chamsia akamwambia, amemshika bega. "Hata chembe, mwanangu. Unanisikia? Vuta, kisha tema kwenye chumvi."

Nadjati akafumba macho, akaizungushia lenzi midomo yake, akavuta, na kwanza ilikuja hewa tu, ya moto na nzito kama pumzi ya mgonjwa, kisha zikaja chembe, moja, mbili, zikamgonga ulimi, za chumvichumvi na mafuta, kisha likaja lote, unga na magamba na nywele na vijipande vya kucha vilivyomkwaruza kaakaa, likamjaa mashavuni na kuvimba kwa mate yake likawa kama donge la ugali uliochacha, na bado likaja, na lenzi ikawa inajisukuma ndani ya kinywa chake na kurudi na kujisukuma tena, na koo likataka kufunguka, likataka kumeza kama koo la mtoto aliyewekewa titi, na katikati ya uvundo ule akahisi ulimi wake mwenyewe ukisogea bila ya yeye kuusogeza, ukijipinda kati ya meno, ukisema kwa sauti yake, laini, ya kubembeleza, "Nina njaa, mama, nina njaa," mpaka Bi Chamsia akamkamata kisogo akamwinamisha na kumpiga mgongoni kwa kiganja, na lote likamporomoka.

Lilitua kwenye chumvi, likagaagaa. Lilikuwa kubwa kama ngumi, la kijivu, lenye nywele, na lilipokuwa linakauka lilitoa mlio wa mafuta ya kikaangoni. Bi Chamsia alilichoma pale pale kwa mkaa, majivu yakapelekwa baharini. Kamera Nadjati aliivunja mwenyewe kwa nyundo. Ndani hamkuwa na hata punje.

Wiki haikuisha kabla shingo ya Charifa haijaota ngozi mpya, nyororo kama ya mtoto mchanga. Fazul alizunguka nyumba za maharusi wake mmoja mmoja na Bi Chamsia, akaungama mlangoni mwa kila mmoja. Waliokuwa wamepona walimtukana. Wawili hawakuwepo tena wa kutukana.

Mahajanga, maisha yalirudi. Kidole cha Nadjati kiliota ukucha mpya, naye akapokea kazi nyingine. Asubuhi moja akipiga mswaki alisikia kitu kama mchanga nyuma ya gego la mwisho. Alitema, akasukutua kwa maji ya chumvi. Kesho yake kikawepo tena. Hakumeza, alijiambia. Alikuwa na hakika hakumeza. Chakula kilikuwa kimepoteza ladha, wali, samaki, hata embe za kuokota, na alikuwa anakonda, lakini hilo alilihesabu kuwa uchovu.

Jumapili moja, baada ya adhuhuri, Charifa aliketi sakafuni baina ya magoti yake asukwe nywele. Alikuwa anasimulia habari za rafiki zake wa shule, anacheka, mgongo amempa mama yake. Nadjati alipozivuta nywele za nyuma ya sikio, kipande kidogo cha ngozi kavu, cha mwisho kilichobaki, kikabambuka kikamwangukia kidoleni. Alikitazama. Mate yakamjaa kinywani.

"Mama, mbona umenyamaza?"

"Ninakusikiliza, mwanangu. Endelea."

Charifa akaendelea. Nadjati akakipeleka kidole kinywani.