Kijitabu cha Ulezi

— Cornelia, mwaka huu umesoma vitabu vinne. Kipi kimekugusa zaidi? Utakachotaja ni chako, unakwenda nacho nyumbani.

Mwalimu Tuntufye aliuliza hivyo mbele ya darasa zima la kisomo cha watu wazima pale Mollo, siku ya kufunga mwaka, vitabu vyote vinne vikiwa mezani. Cornelia alisimama akatazama mezani. Jibu alikuwa nalo. Ni kile kijitabu chembamba cha kilimo cha ulezi, ambacho mwalimu alikuja na baiskeli jioni baada ya jioni kumsaidia kukisoma, huku baba yake, mzee Oswaldi, akisikiliza kitandani na kucheka kwamba sasa Mfipa, mkulima wa ulezi tangu mababu, anafundishwa ulezi na karatasi. Mzee alifariki wakiwa ukurasa wa ishirini. Kurasa zilizobaki walizimalizia wawili, katikati ya msiba.

Lakini siku hiyo walikuwepo wageni kutoka wilayani, na jirani yake Agnesi alikuwa ametoka kutaja kitabu kinene cha siasa akapigiwa makofi. Jamani, aibu ni kitu kibaya. Cornelia alijua akitaja ulezi watamcheka.

— Ile riwaya nene, mwalimu.

— Una hakika?

— Nina hakika.

Hata nusu yake hakuwa amefika. Alipigiwa makofi, na mwalimu akakirudisha kijitabu cha ulezi sandukuni bila kumtazama. Wiki iliyofuata mwalimu alihamia mjini, hata kwaheri hakuaga. Cornelia alimlilia shambani miezi na miezi, asijue amemkosea nini.

Mwaka ukapita. Sanduku lile la vitabu, lililokuwa likizungushwa kijiji hadi kijiji, likarudi Mollo na mwalimu mwingine, Cornelia akaazima kile kijitabu cha ulezi. Ukurasa wa ishirini alikuta barua.

“Cornelia, najua utachagua hiki. Nakupenda. Ukikubali, nitawaleta wazee wangu kutoka Tukuyu waje kuposa. Tuntufye.”

Kesho yake alitembea mpaka Milanzi, kule mjini, akaulizia nyumba ya mwalimu Tuntufye. Alipokewa na mwanamke mjamzito, Suma, aliyempa kigoda uani kisha akaingia ndani kumchotea togwa. Mwalimu alitoka, akakiona kijitabu, akasimama palepale.

— Barua umeipata lini?

— Jana. Mwalimu, siku ile nilikudanganya. Niliwaonea aibu wageni. Kilichonigusa ni hiki.

— Mimi nikajua zile jioni hazikuwa kitu kwako. Nikaomba uhamisho. Barua hata nguvu ya kuitoa sikuwa nayo. Cornelia, nimeshaoa.

— Nimeona. Sikuja kuvunja nyumba ya mtu. Nimekuja kujibu swali lako.

Mwalimu alijifuta macho kwa kiganja. Suma aliporudi na togwa aliuliza mgeni ni nani.

— Mwanafunzi wangu wa zamani. Amerudisha kitabu.

Cornelia alikunywa togwa lote, akashukuru, akakifunga kijitabu kwenye pindo la khanga.

— Hapana, dada. Sijakirudisha. Hiki ndicho nilichokichagua.

Akaaga kwa heshima, akashika njia ya Mollo. Alilia njia nzima, na barua aliiacha palepale, ukurasa wa ishirini.