Konzi ya Mawele ya Alhamisi

Siku ya soko pale Kabati hata mbuzi hukusukuma usipompisha. Mwongeli alikuwa amevaa gauni la kitenge cha zambarau na raba nyeupe ambazo vumbi lilikuwa limeshazibadilisha rangi. Alikuwa ameshika debe la mwisho la mawele kwenye kibanda cha Mama Kalunde, mara mkono mwingine mkubwa, wenye kovu la kamba, ukatua juu ya debe hilo hilo.

"Pole dada, hii ni yangu," alisema mwenye mkono.

"Yako tangu lini? Mimi niko hapa tangu saa mbili."

"Nimetumwa. Nimeandikwa kazi jana tu, nikirudi mikono mitupu nafutwa leo. Kuna madam huko chuo analisha panya. Hebu fikiria! Kwetu Nuu panya tunamtegea, huku anapimiwa chakula kwa mizani."

"Na huyo madam anaitwa nani?"

"Mwongeli. Sijamwona, lakini nasikia ni mkali kama pilipili."

Mama Kalunde alicheka mpaka akashika mbavu. Mwongeli alimtazama yule kijana kuanzia viatu hadi kofia, akaona koti jipya la kijani la kazi, mikono bado ina mikunjo ya dukani.

"Beba hilo debe," alimwambia. "Pilipili anatangulia."

Hivyo ndivyo Ndeti alivyomjua Mwongeli, na hakuna aliyeshangaa yaliyofuata.

Mwongeli alikuwa akisomea shahada ya pili katika chuo kimoja nje ya mji wa Kitui. Mama yake, kule Mbooni, alikuwa amekatwa mguu kwa sababu ya kisukari, na tangu siku hiyo binti alikuwa na swali moja tu: je, mawele waliyokula mababu yanaweza kusaidia mwili unaoshindwa na sukari? Alikuwa na panya weupe arobaini na wanane katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilikula chakula cha kawaida. La pili lilijazwa sukari na mafuta. La tatu lilipewa sukari na mafuta hayo hayo, lakini likaongezewa unga wa mawele. Kila Ijumaa asubuhi alichukua tone la damu kwenye ncha ya mkia wa kila mmoja, apime sukari na insulini, ile homoni inayoiondoa sukari kwenye damu. Ufadhili ulikuwa wa mara moja tu. Jaribio likiharibika, limeharibika.

"Alhamisi saa kumi na mbili jioni unatoa chakula chote," alimfundisha Ndeti. "Damu ya aliyeshiba haisemi ukweli."

"Walale njaa?"

"Usiku mmoja tu. Hawafi."

Ndeti aliitikia. Hakumwambia kwamba alipokuwa na miaka tisa, mwaka wa kiangazi kikali, alisikia mbuzi wa baba yake wakilia zizini siku nne mpaka wakanyamaza. Mwanamume hasimulii mambo hayo kwa msichana anayempenda. Na alimpenda. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Hata wafagiaji wa chuo walijua.

Jumamosi Mwongeli alipokwenda Mbooni kumwona mama, simu haikukaa mfukoni.

"Halo mwendwa, wameamkaje?"

"Unaniuliza mimi ama panya?"

"Panya kwanza. Wewe najua umeamka vibaya, hujaniona."

"Kiburi hicho! Panya wako fiti. Mama je?"

"Anakusalimia. Anasema ukuje, lakini ubebe koti, huku ni baridi."

"Nitakuja na koti," alisema Ndeti, "na mbuzi watatu."

Msichana gani wa Ukambani hajui maana ya mbuzi watatu? Ni ntheo, mbuzi wanaopelekwa kwao ili aitwe mke wa mtu. Aliegemea mti wa parachichi, akacheka peke yake mpaka mama akauliza kutoka jikoni ni nini.

Wiki ya kumi na nne, Ijumaa asubuhi, Mwongeli alikaa mbele ya takwimu zake akalia.

"Hakuna tofauti," alisema. "Kundi la pili na la tatu wanafanana. Mawele hayafanyi kitu, Ndeti. Ama basi hawa wa pili nao wamekula mawele, na haiwezekani."

Ndeti alikuwa anafagia. Ufagio ulisimama.

"Wamekula."

"Nini?"

"Alhamisi jioni. Ukishaenda hosteli, wanaanza kukwaruza vizimba. Nilikuwa nawapa wote konzi ya mawele. Hawa wa kundi la pili niliwaongeza, maana manyoya yao yalikuwa yamefifia."

"Kila Alhamisi?"

"Kila Alhamisi. Si uliniambia niwatunze? Sikujua kidogo hivyo kinaharibu."

"Nilikuambia utoe chakula chote! Nilikuambia kwa mdomo wangu!"

"Walikuwa wanalia, Mwongeli."

"Na mama yangu je? Yeye halii?" Alimwonyesha mlango. "Toka. Tafadhali, toka tu."

Wanasema tenda wema nenda zako. Ndeti alikwenda zake kweli, kwa sababu Mwongeli alimweleza msimamizi wake, Profesa Muindi, ukweli wote, na kabla ya saa saba mchana koti la kijani lilikuwa limerudishwa stoo. Mwongeli angeweza kunyamaza na kuandika kwamba mawele hayafai. Hakuweza. Profesa alisema atajaribu kuomba ufadhili mwingine, lakini panya hawa hawakuwa na kazi tena. Na panya wa utafiti haachiliwi nje wala hafugwi nyumbani. Jumatatu ilibidi wote arobaini na wanane wadungwe sindano ya usingizi usio na kuamka.

Jumatatu Mwongeli alianza peke yake. Panya waliihisi hofu yake, wakajirusha, wakapiga kelele. Wa tisa alimng'ata kidole mpaka damu ikatoka. Alikuwa ameketi sakafuni, glavu imechanika, aliposikia mlango. Ndeti alisimama hapo kwa shati lake jeupe la kanisani.

"Nimewalea mimi," alisema. "Nitawashika mimi."

Aliwatoa mmoja mmoja. Mikononi mwake walitulia, pengine wakidhani ni Alhamisi. Alimnong'oneza kila mmoja kwa Kikamba, na Mwongeli alidunga bila kumtazama usoni. Walifanya hivyo hadi saa nane. Panya wa mwisho, Ndeti alimshika muda mrefu baada ya kupoa, kisha akanawa mikono.

Nje langoni, Mwongeli alimshika mkono wenye kovu.

"Nikianza upya, nikikuambia wasile, utawapa?"

Ndeti alifikiri. Angeweza kudanganya.

"Wakilia, sijui," alisema. "Nadhani nitawapa."

Mwongeli alicheka na kulia kwa pamoja, na kwa dakika hiyo hakukuwa na hasira kati yao.

"Naenda Nuu," alisema Ndeti. "Nipigie, mwendwa. Hata kama ni kunitusi, nipigie."

"Nitakupigia."

Hakupiga. Ufadhili ulipatikana, panya wapya wakaja, na Mwongeli akajiambia atampigia siku atakapokuwa na habari njema, ili lile Ndeti aliloliharibu lisiwe kitu tena. Mama alimuuliza mara kwa mara, "Yule kijana wa mbuzi yuko wapi?" naye alijibu, "Nitamwita, mwaitu, bado kidogo." Kila Alhamisi alitoa chakula mwenyewe, akasimama mlangoni akisikiliza vizimba vikikwaruzwa. Kule Nuu, Ndeti alilala na simu chini ya mto mpaka mvua ikaisha na mavuno yakaisha. Kisha akaamua kwamba ule ukimya ndio jibu.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa kumi, takwimu zilisema: kundi la tatu, sukari imeshuka. Si sana, na ni panya tu, lakini imeshuka. Mtu wa kwanza Mwongeli kumpigia simu alikuwa Ndeti.

"Ndeti! Imeshuka! Mawele yanasaidia, unasikia?"

Ndeti alicheka. "Nilijua. Walilala njaa?"

"Walilala. Kila Alhamisi niliwasikia. Sasa nakuelewa."

"Pole, Mwongeli."

"Wacha pole. Na wale mbuzi watatu wako, bado wako?"

Alimsikia akivuta pumzi.

"Niliwapeleka," alisema polepole. "Mwezi wa nane. Kwa msichana wa hapa Nuu. Nilikungoja, Mwongeli. Nilikungoja sana."

"Hongera," alisema Mwongeli, na alilisema vizuri, kama mtu aliyelelewa. Kisha akakata simu, akaingia kwa panya wake waliokuwa bado hawajala tangu jana, akawapa chakula huku machozi yakimtoka.